Sura ya Saba: Aliyewapa Kulungu Mgongo

“Sajenti, nikwambie mara ngapi? Meno ya kile kijukwaa nimeyanoa mimi. Kamba yake nimeiweka mimi. Andika hivyo, mambo yaishe.”

Kurt Lahti alisema hayo bila kuinua uso. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya karakana yake ya kuchomelea vyuma, ndevu zimemjaa, macho mekundu ya mtu anayelala garini. Na kweli alikuwa akilala garini. Tangu wamzike baba mkwe wake, mkewe Janelle alikuwa amemfungia mlango, na katika kaunti ile ndogo ya kaskazini mwa Michigan hukupata mtu wa kumlaumu Janelle.

Sajenti Noreen Pelkola, mpelelezi wa pekee katika ofisi ya sherifu, aliweka mifuko yake juu ya meza ya kazi. “Ya kuandika utayaandika mahakamani alasiri, wakili wako akiwa pembeni. Mimi nimekuja unifundishe kupanda mti na hicho kitambaa chenu.”

“Tandiko.”

“Kwetu tunaliita pampasi.”

Mdomo wa Kurt ulitaka kucheka, ukajizuia. Utani ule ulikuwa wa zamani. Wawindaji wa kaunti ile ni mataifa mawili. Kuna watu wa madungu, wanaojenga kichanja cha mbao au chuma mtini wakakaa kitako, mgongo kwenye shina, chupa ya kahawa mapajani. Halafu kuna hawa wa tandiko, wanaovaa mkanda mpana makalioni, wakajifunga kwa kamba kwenye shina na kuning’inia, miguu ikikanyaga kijukwaa kisichozidi trei ya chai. Noreen alikuwa mtu wa dungu tangu utotoni, na baba yake kabla yake, na hakuona aibu kusema kwamba hawa wengine wana kichaa kidogo.

Sasa mmoja wao alikuwa amekufa. Arlo Renaud, baba mkwe wa Kurt na fundi bomba mstaafu, alikutwa chini ya mwaloni katika msitu wa umma, tandiko kiunoni, uti wa mgongo umevunjika. Juu yake kamba ya kujifungia ilikuwa imezunguka shina, kulabu yake ikining’inia wazi, na kijukwaa kilikuwa kimelala upande. Kila mtu aliona jambo liko wazi: Arlo alifika juu, akakanyaga kijukwaa kabla hajajifunga, kikateleza. Na kijukwaa chenyewe hakikuwa tena kile kilichotoka kiwandani, maana Kurt alikuwa amekigeuza karibu chote. Mwendesha mashtaka alitaka shitaka la kuua kwa uzembe. Kurt alikuwa amekubali kukiri, na kukiri huko kulikuwa na maana ya jela, na Janelle kutomfungulia mlango tena maisha yake yote.

“Tuanze na ugomvi,” Noreen alisema. “Rafiki wa Arlo, Gordon Trezona, anasema wiki ile wewe na Arlo mlifokeana hapa nje hadi akasikia kutoka barabarani.”

“Mzee Gordon hakukosea. Tulifokeana.”

“Juu ya nini?”

“Zulia.”

“Zulia?”

“Arlo alitaka nibandike kipande cha zulia juu ya bati, buti lisitoe sauti. Mimi nikasema zulia linakunywa maji, maji yanaganda, utateleza. Nikataka utepe ule wa kufungia magongo ya hoki. Akasema mimi ni mbishi kama mama yangu. Nikasema yeye hajawahi kushinda ubishi hata na mbwa wake.” Kurt alijifuta pua kwa mkono wa koti. “Jioni akaja na bia, akaniambia weka huo utepe wako.”

Noreen alifungua mfuko wa ushahidi na kukitoa kijukwaa cha Arlo. Bati la juu lilikuwa limezungushiwa utepe mweusi wa hoki. Hapakuwa na uzi hata mmoja wa zulia. Basi ugomvi ulikuwa huo, na mwendesha mashtaka alikuwa ameupa kurasa mbili.

“Haya, nifundishe. Nina mwili wa Arlo, kimo na uzito, hata daktari kanipima akacheka.”

Nyuma ya karakana Kurt alikuwa amesimika nguzo ya mwerezi ya kujaribia. Alianza na kijukwaa cha kiwandani, ambacho hakijaguswa na tupa. Alizungusha mkanda kwenye nguzo, akaukaza kwa bizimu, kisha akashika mkia wa kijukwaa na kuukandamiza chini kwa uzito wake wote, mpaka meno ya nyuma yalipouma mti na mti ukalia.

“Umesikia? Usipousikia ule mlio, usikanyage. Hilo ndilo somo la kwanza, na la mwisho.”

Noreen alivaa tandiko, akafunga kamba kwenye nguzo mbele ya paji la uso wake, akapachika kulabu, akakanyaga. Palikuwa karibu na ardhi, lakini aliishika nguzo kwa mikono miwili. Kurt alimwambia aegemee nyuma, kisha ahamishie uzito kwenye ukingo wa kushoto. Kijukwaa kilishika, halafu kikasogea kidogo upande, na mkanda ukatoa sauti kavu.

“Ndiyo kasoro yake hiyo,” Kurt alisema. “Kwenye mti wa mviringo meno mawili tu ndiyo yanashika. Ukigeuka kumlenga mnyama, kinageuka na wewe.”

Kisha akaleta pacha wa kijukwaa cha Arlo, alivyovitengeneza vyote viwili siku moja. Meno ameyachonga kwa tupa yakapinda ndani kufuata umbo la shina. Bizimu imetolewa, mahali pake pana kamba ya kusuka isiyopiga kelele. Kwenye ukingo wa kila upande amechomelea kidaraja kidogo kilichoinuka, ili mguu upate pa kusukumia. Noreen alikanyaga katikati, akakanyaga ukingoni, akaruka. Aliruka mara ya pili kwa hasira. Hakikusogea.

“Sasa kifunge vibaya,” alisema. “Bila kukikandamiza.”

“Utaanguka.”

“Kifunge.”

Kurt alikifunga, kamba imekazwa lakini mkia haukukandamizwa. Noreen aliweka uzito kwenye ukingo. Kijukwaa kiliruka kutoka chini ya miguu yake kwa ghafla hata akapiga ukelele wa mtoto, na papo hapo tandiko likamdaka. Alibaki ananing’inia kwenye kamba, miguu hewani, pua inagusa nguzo.

Walitazamana.

“Kijukwaa kimeanguka,” Noreen alisema polepole. “Mimi sijaanguka.”

“Kinachokushika ni kamba. Kijukwaa ni cha kupumzisha miguu tu.” Kurt alimshusha. “Ndiyo maana nasema labda alikuwa bado hajapachika kulabu.”

“Arlo alikuwa na tabia hiyo?”

“Arlo?” Kijana alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata nguvu. “Arlo alikuwa akijifunga hata kwenye ngazi ya kubadilishia taa. Kila mwindaji mgeni alimsomea hotuba hiyo hadi wakimwona wanajificha.”

“Na kukikandamiza kijukwaa?”

“Alinifundisha yeye, Sajenti.”

“Basi aliyekifunga kwenye ule mwaloni alikuwa mtu asiyejua. Maana magome nimeyapiga picha. Yana mikwaruzo tu, hayana tundu la jino.”

Matumaini yalimpita Kurt usoni, akayafukuza, maana yalimuumiza kuliko hatia. “Au uzee,” alisema. “Au haraka. Mimi ndiye niliyeongeza vile vidaraja. Bila vidaraja asingekanyaga pembeni. Niache, Sajenti. Nitakwenda kutia sahihi.”

*

Simu ya daktari aliyeichunguza maiti ya Arlo ilimkuta njiani, theluji nyepesi ikianza kupiga kioo. Noreen aliegesha gari ili asikilize vizuri. Daktari alisema amemaliza uchunguzi, na alitaka Noreen ayasikie kwa mdomo wake kabla ya kuyasoma. Uti ulivunjika asubuhi, lakini si huo uliomuua. Arlo alizirai, mwili ukapoa kidogo kidogo, na moyo ulisimama baadaye sana, mchana ukiwa umeshaanza kugeuka. Aliuawa na baridi.

“Angepatikana mapema?” Noreen aliuliza.

“Angekuwa kwenye kiti cha magurudumu, akigombana na wauguzi wangu.”

Noreen alikata simu. Alimjua Arlo tangu akiwa msichana. Ndiye aliyewafungia hita mwaka ule wa baridi kali, akakataa malipo. Aliona uchungu, akauacha hapo hapo ndani ya gari, akachukua vifaa na kuingia msituni.

Mwaloni ulikuwa umesimama kando ya njia nyembamba ya kulungu, iliyopondwa kwato mpya. Mara mbili alikuwa ameshafika hapo, akapiga picha, akapima, akaondoka akiwa ameridhika kwamba kila kitu kipo mahali pake. Safari hii alipanda. Alifunga vingazi vifupi kimoja baada ya kingine, akijifunga kamba kila hatua kama Kurt alivyomwelekeza, mdomo ukisali kwa Kifini, lugha ya bibi yake. Chini paliendelea kuwa mbali. Alipofika kwenye mikwaruzo alikitoa kijukwaa cha Arlo mgongoni, akakiweka. Kila jino lilikaa kwenye mkwaruzo wake. Akakaza kamba, akakandamiza mkia, na mwaloni ukalia vizuri.

Alikanyaga. Kilikuwa imara kuliko sakafu ya ofisi yake.

Kisha akatafuta ilipokuwa kamba ya kujifungia. Alama yake ilionekana wazi kwenye gome, mchirizi mwembamba ulioparua ukungu wa kijani. Lakini ilikuwa juu. Noreen alinyoosha mkono, akasimama kwa ncha za vidole, na bado alibakiza zaidi ya shubiri moja. Yeye na Arlo walikuwa kimo kimoja. Mtu aliyeifunga kamba ile alikuwa mrefu, na hakuwa na habari kwamba kamba ya tandiko hukaa mbele ya uso.

Hilo lilimtosha kumpigia sherifu, lakini alitaka kwanza aone kile alichokiona Arlo. Akaegemea nyuma katika tandiko, shina mbele ya kifua chake, akatazama.

Aliona msitu mtupu. Vichaka, magogo, bonde lisilopitwa na kitu.

Akageuza shingo. Njia ya kulungu ilikuwa nyuma yake kabisa.

Noreen alijiona mjinga, na alistahili. Mara mbili alisimama chini ya mti ule akaona kijukwaa kimeelekea njia, akasema sawa, maana yeye ni mtu wa dungu, na mtu wa dungu huegemeza mgongo kwenye shina akaikodolea njia macho. Hivyo ndivyo jicho lake lilivyofundishwa. Lakini mtu wa tandiko huutazama mti. Mti ndio ngao yake; hujificha nyuma yake, njia ikiwa upande wa pili, akachungulia pembeni. Arlo amewinda hivyo kwa miaka. Asingepanda juu kote huko, na upinde wake, ili awape kulungu mgongo.

Aliyekipachika kijukwaa hapo alikuwa mtu wa dungu, mrefu, aliyedhani anajua.

Alimpigia sherifu palepale juu, kidole kikiwa kimeganda. “Mzuie Kurt asitie sahihi.”

“Una nini?”

“Nina mti.”

“Noreen, mti hauwezi kula kiapo. Mwendesha mashtaka ana kijukwaa kilichochezewa na kijana anayesema nimekosa. Niletee mtu.”

“Nipe mpaka alasiri.”

“Alasiri ndiyo hii inaingia.”

Aliposhuka hakurudi garini. Alifuata uzio wa mashariki, maana upande ule msitu wa umma unapakana na shamba la Gordon Trezona, mtu mrefu kuliko wote kanisani kwao, mwenye madungu ambayo wageni kutoka kusini hulipia kila msimu wa bunduki. Gordon ndiye aliyeongoza msako usiku ule Arlo alipokosa kurudi nyumbani. Wengine walitawanyika ovyo usiku kucha. Yeye, kulipopambazuka, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mwaloni. Watu walisema urafiki ndio uliomwongoza.

Mahali palipokuwa dungu kuukuu la baba yake Gordon palikuwa na mduara wa majivu, misumari yenye kutu imejaa ndani. Miti miwili iliyolibeba ilikuwa na makovu mapya. Kando, chini ya majani yaliyolowa, kulikuwa na kipingo kimoja cha ngazi ambacho moto haukukitaka kwa sababu ya unyevu. Nje kilikuwa kizima. Ndani kilikuwa kimeoza hadi moyoni, na mvunjiko wake ulikuwa mpya, mweupe.

Noreen alikitia katika mfuko.

*

Gordon hakuwa kwake. Gari lake lilikuwa mbele ya nyumba ya Janelle, na yeye mwenyewe alikuwa jikoni, shati limekunjwa mikono, akipasha moto pasti alizozileta, vimkate vilivyojazwa nyama na viazi. Kila siku tangu mazishi alikuwa akileta chakula.

“Noreen, binti Pelkola! Ingia, umekuwa bluu. Ulikuwa ukizunguka wapi katika baridi hii?”

“Kazini, mzee Gordon. Janelle, pole sana mwenzangu.”

Janelle Lahti aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameketi mezani na koti la baba yake mabegani, hajala. “Kurt keshatia sahihi?” aliuliza.

“Bado.”

“Mwache atie,” Gordon alisema kwa upole, akimwekea sahani. “Kijana apate amani yake, na wewe upate yako. Mtu akikosa, anakiri. Ndivyo tulivyolelewa.”

Noreen alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni, akaimeza. “Mzee Gordon, nina kazi ndogo ya kumalizia ripoti. Sherifu anasema sijui lolote juu ya haya mambo ya tandiko, na kweli sijui. Nisaidie hapo nje.”

“Mimi? Mimi nitakufa bila kuvaa pampasi.”

“Lakini umewinda na Arlo tangu mko shule. Unajua alivyokuwa akifikiri.”

Sifa humlegeza mtu. Gordon alijifuta mikono, wakatoka wote watatu hadi kwenye msonobari uliokuwa mbele ya nyumba. Noreen alimpa kile kijukwaa pacha alichokiazima karakanani kwa Kurt.

“Tuseme kulungu wanapita pale barabarani,” alisema. “Arlo angekifunga wapi?”

Gordon alicheka kidogo. “Hilo nalo swali?” Akauzunguka mti hadi upande wa barabara, akakiegesha kijukwaa, akazungusha kamba. Hakukandamiza mkia. “Hapa. Anawaona wanavyokuja.”

“Na kamba ya kujifungia?”

Mkono wake mrefu ulipanda juu ya kichwa, ukaipitisha kamba kwa urahisi. “Hapa. Juu, imdake vizuri.”

“Mjomba Gordon,” Janelle alisema. “Hapo siyo.”

“Eti?”

“Upande huo siyo. Baba angekuwa huku.” Janelle aliuzunguka msonobari, koti likiburuza kwenye theluji, akasimama mti ukiwa kati yake na barabara. “Anasimama nyuma ya mti. Nimepanda naye tangu nina miaka kumi. Ukikaa hapo ulipo wewe, unawapa kulungu mgongo.”

“Basi labda siku ile aliamua tofauti,” Gordon alisema upesi. “Mimi nimekiweka kama kilivyokuwa kule.”

“Nimekuuliza kama kilivyokuwa?” Noreen alisema. “Nilikuuliza Arlo angekiweka wapi.”

Gordon aliacha kucheka.

“Kule kwenye mwaloni kilikuwa hivyo hivyo,” Noreen aliendelea. “Kimeelekea njia, hakikukandamizwa, na kamba iko mahali ambapo Arlo asingeifikia hata kwa kuruka. Nilipanda leo, nikajaribu. Dungu la baba yako liko wapi, mzee Gordon?”

“Nimelichoma. Lilikuwa bovu.”

“Siku gani?”

“Sikumbuki. Juzi juzi.”

“Kabla Arlo hajafa au baada?”

“Noreen, wewe nimekubeba mgongoni ukiwa mtoto…”

“Kabla, au baada?”

Noreen alitoa kwenye mfuko wa ushahidi kile kipingo cha ngazi na kukiweka juu ya theluji, mvunjiko ukiwa juu. Gordon alikitazama. Kisha akamtazama Janelle, na hapo ndipo nguvu zilipomwishia. Mtu yule mrefu aliushika mti.

“Kilikatika,” alisema. “Kilikatika tu, Janelle. Wageni walikuwa wanakuja, nikamwomba anisaidie kung’oa mbao za juu, mimi nina goti. Alikuwa amevaa tandiko lake, kwa sababu alitaka aende kuwinda baadaye. Akataka kujifunga. Nikamcheka. Nikamwambia dungu hili limembeba baba yangu, acha pampasi zako. Akafungua kulabu. Aliifungua ili kunifurahisha.”

Janelle alilikaza koti la baba yake mabegani.

“Nikaona jina langu limekwisha. Nani angelala tena kwangu? Nani angepanda madungu yangu? Nikampakia kwenye gari lake mwenyewe. Vifaa vyote vilikuwa humo; nikamlaza chini ya mwaloni, nikapanda na goti hili hili, nikavifunga. Nilidhani watasema ajali, basi, kama ajali nyingine. Sikujua watamgeukia Kurt.”

“Lakini walipomgeukia,” Noreen alisema, “ulimweleza mwendesha mashtaka alivyofokeana na Arlo.”

“Aliniuliza.”

“Hukuulizwa, mzee Gordon. Ulipiga simu mwenyewe. Rekodi yake ninayo.”

Upepo ulitikisa msonobari, theluji ikawamwagikia. Gordon alikuwa akilia sasa, machozi yanapita kwenye mikunjo ya mashavu yake bila yeye kuyafuta. “Alikuwa amekwisha kufa,” alisema. “Naapa mbele ya Mungu. Nilimgusa shingoni, hapakuwa na kitu. Lau angekuwa na pumzi moja ningempeleka hospitali, ningempeleka kwa miguu.”

Noreen alitazama pembeni. Janelle alimwona akitazama pembeni.

“Noreen. Daktari kasema nini?”

“Njoo ndani kwanza, dada.”

“Kasema nini?”

Angeweza kudanganya. Uongo ungewafaa wote watatu, hadi siku ripoti itakapowafikia kwa posta. “Aliishi,” Noreen alisema. “Alizimia, lakini alikuwa hai hadi mchana. Mikono yako ilikuwa imeganda, mzee Gordon, ndiyo maana hukusikia. Baridi ndiyo iliyomuua, pale ulipomweka.”

Gordon alikaa chini. Hakuanguka, alikaa tu kwenye theluji kama mtu aliyechoka sana, akaitazama mikono yake.

Janelle alikuwa amesimama wima. Noreen alijiandaa kumzuia, maana shoka la kuni lilikuwa karibu naye alikuwa na nguvu za mikono ya baba yake. Lakini Janelle alinyoosha kiganja. “Nipe simu yako. Ya kwangu Kurt hatapokea. Nilimwambia nikimpigia ajue ni kumtukana.”

Noreen alimpa. Iliita kwa muda mrefu. Kisha sauti ya Kurt ikasikika, na nyuma yake mwangwi wa korido ya mahakama.

“Sajenti, niache. Wameshaniita. Kalamu ninayo mkononi.”

“Iweke chini,” Janelle alisema.

Nyayo za mtu zilipita koridoni.

“Janelle?”

“Iweke chini, Kurt. Baba hakuwa kwenye kijukwaa chako. Hakuwahi hata kukikanyaga siku ile.” Sauti yake ilikatika, akaishika tena. “Mimi ndiye niliyekufungia mlango. Mwambie wakili wako unakwenda nyumbani. Mwambie mkeo kasema.”

Noreen aliinama kumshika Gordon chini ya kwapa ili ainuke. Alikuwa mzito, na hakusaidia hata kidogo. Walipofika kwenye gari la polisi Gordon alisimama, akaigeukia nyumba, mdomo wazi, akitaka kusema neno.

Janelle alikuwa ameshaingia ndani. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, baridi yote inaingia, na hakurudi kuufunga.